Ukuta wa Kashata

Mteja wangu mmoja wa Ganjoni alinionyesha simu yake akasema anataka ukuta wa sebule uwe kama ule wa kwenye picha: pembe nne zilizosimama kwa ncha, moja ndani ya nyingine, rangi ya chungwa na kahawia, na katikati ya kila moja nukta nyeusi. "Mtindo wa zamani," akaniambia, "lakini nyumba iwe ya kisasa." Nikacheka, maana kubandika karatasi za ukutani ndiyo kazi yangu, na siku hizi cha zamani ndicho kipya. Siku ya kazi nikakunjua roli ya kwanza sakafuni, nikakoroga gundi kwenye ndoo. Harufu ya gundi mbichi na karatasi iliyolowa ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa chini, brashi mkononi. Mteja akaniuliza kama nimefunga saumu. Nikamwambia ndiyo. Ulikuwa uongo, na haukuwa wa kwanza kuusema mbele ya michoro ile.

Mimi ni mtu wa furaha, wanaonijua watawaambia. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuota sijaacha. Nataka siku moja niwe na duka la mapambo lenye kioo kikubwa mbele na kiti cha mteja kukalia akichagua. Kuandika mambo kama haya si mazoea yangu. Lakini hili nimelibeba tangu nilipokuwa na miaka tisa, na nyinyi wa rika langu, mliolelewa na bibi ndani ya nyumba, huenda mkanielewa.

Tulikuwa tukikaa Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe iliyokuwa ikitoka jasho. Ndivyo nilivyodhani, kwamba nyumba yetu yaona joto kama sisi. Chokaa ikipakwa kabla ya Idi, miezi miwili haiishi ishavimba na kumenyuka, na chini yake chumvi nyeupe ambayo nilikuwa nikiigusa kwa ulimi wakati hakuna anayeniona. Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake baba. Mama yangu alikuwa mkazamwana tu mle ndani. Bibi hakuwahi kumpandishia sauti, lakini pia hakuwahi kumsifu. Mama akipika biriani watu wakalamba vidole, Bibi angesema, "Alhamdulillahi, tumeshiba," basi. Mimi nilimwona Mama akisubiri neno la pili, na neno la pili haliji.

Ndipo Mama alipopata wazo la kuupamba ukuta wa sebule. Kwenye duka moja la Biashara Street, la mzee wa Kihindi aliyekuwa akitoa mali yake ya zamani, kulikuwa na roli za karatasi zilizokaa rafuni tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwepo, nimeshika kikapu. Mzee alikunjua ya kwanza, ina waridi na ndege. Mama akatikisa kichwa. Akakunjua ya pili, ina farasi na watu wenye kofia ndefu.

"Sitaki yenye chochote chenye roho," Mama akamwambia. "Nina mama mkwe asaliye sebuleni, na ukuta wenyewe ndio wa kibla."

Mzee akapanda ngazi, akashuka na roli yenye vumbi, akaifuta kwa kiwiko. "Hii hapana ndege, hapana mtu. Hii hesabu tupu, mama. Hesabu haina roho."

Mama akapitisha kidole juu yake. Michoro ilikuwa imeinuka kidogo, unaihisi kama mshono wa nguo. Akacheka peke yake, na njia nzima ya kurudi alizibeba zile roli kifuani kama mtoto mchanga. Baba alipigilia mbao nyembamba ukutani ili chumvi isile karatasi, Mama akakoroga gundi ya unga, na kwa siku mbili nyumba ilinuka harufu hiyo iliyokuja kuniangusha Ganjoni. Ukuta ulipokamilika nilisimama mbele yake nikaona kashata. Kashata tupu, zimekatwa vizuri, zimepangwa kwenye sinia refu lisilo mwisho. Nilitamani kuulamba huo pia.

Sasa nimjulishe Bibi vizuri. Alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kuenda hospitali hakutaka kusikia. Aliona mwanga na kivuli, basi. Mimi nilipewa jina lake, kwa hivyo hakuniita kwa jina, aliniita Somo, kama waitanavyo watu wa jina moja. Kazi yake ilikuwa kusuka ukili, ile mikanda myembamba ya miyaa, majani makavu ya mkindu, ambayo huja kushonwa pamoja ikawa mkeka au msala wa kusalia. Vidole vyake vilikuwa vikijua njia, ila rangi havikuzijua, kwa hivyo rangi nilikuwa nikimpa mimi. "Somo, nipa nyekundu. Somo, nipa nyeupe." Nilikuwa macho yake, na nilijivuna kwa hilo, mpaka siku niliyoanza kuona haya.

Aliketi sebuleni chini ya ule ukuta, beseni la maji ya miyaa upande mmoja, na upande wa pili kopo lake la kutemea tambuu. Akimaliza kusuka anasali papo hapo. Akimaliza kusali anarudi kwenye ukili. Na mimi, shuleni, nilikuwa nimeshausifu ukuta wetu kwa wasichana wa Ganjoni wanaokaa nyumba za ghorofa zenye vigae. Niliusifu mpaka Mercy, rafiki yangu ambaye babake alikuwa mtu wa reli, akasema, "Sawa, Jumamosi tunakuja kuuona." Wakawa watatu wanaokuja. Nikarudi nyumbani nikautazama ukuta wa kisasa, nikaona na beseni, na kopo, na midomo myekundu ya Bibi.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, baada ya alasiri, Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Bibi akaniita.

"Somo. Njoo ukae hapa. Mamako ameniambia ukuta huu hauna chenye roho, nami sina la kumshuku. Lakini sala ni yangu. Wewe una macho mapya. N'ambia, waona nini?"

Nataka kuwa mkweli hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika. Siku ya kwanza, nilipokuwa nimelala ubavu sakafuni na jicho moja nimelifumba, nilikuwa nimeona samaki. Zile ncha mbili zilikuwa kichwa na mkia, ile nukta nyeusi ilikuwa jicho, na ukuta mzima ulikuwa ukiogelea kwenda upande wa dirisha. Nilifurahi nao sana wale samaki. Lakini nilipoinuka walirudi kuwa kashata, na nilijua wamerudi. Bibi aliponiuliza sikuwa nimelala ubavu. Nilikuwa nimesimama wima, macho yote mawili wazi, na wiki ile ile mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametufundisha kwamba mtu asielekee picha yenye roho anaposali.

"Samaki," nikasema.

"Samaki?"

"Kila moja ni samaki, Bibi. Na jicho analo."

Akatafuna tambuu yake polepole. "Wangapi?"

"Ukuta mzima."

Hakuuliza tena. Alinyoosha mkono nimsaidie kusimama, nikaukunja msala wake, nikachukua beseni, nikachukua na lile kopo. Nilichukua kila kitu kwa haraka, na yeye lazima aliisikia haraka yangu. Tukaenda chumba cha nyuma, tulichokiita stoo, palipowekwa makaa na mapipa ya maji. Akauliza kibla ki upande gani, nikamgeuza mabega.

Mama alitoka jikoni na kizio cha nazi mkononi. "Mama, kuna nini? Mbona huku?"

"Huku kuna upepo," Bibi akasema.

Stoo haikuwa na dirisha. Ilikuwa na tundu juu, ukubwa wa bakuli, ambalo hata paka hangepita.

Mama akarudi jikoni, na sikusikia tena mbuzi ya nazi ikikwaruza. Baba aliporudi kazini na kukuta mamake ameketi baina ya mapipa, alishusha sauti, na Baba akishusha sauti ndio amekasirika.

"Mamangu asali na makaa, na wewe umekaa na maua yako ukutani."

"Si maua," Mama akasema. "Ni hesabu." Akarudia kwa sauti ndogo zaidi, kama mtoto aliyeulizwa darasani, "Ni hesabu tu."

Mimi nilikuwa chini ya meza nikijifanya natafuta kalamu. Kesho yake Mama alikwenda kumwambia Bibi kwamba yuko tayari kubandua karatasi zote. Bibi akajibu, "Usibandue kitu. Umefanya kazi." Leo naona kwamba hilo ndilo lilikuwa neno la pili ambalo Mama alilisubiri miaka. Lakini lilitoka kwenye stoo, na Mama hakulisikia kama sifa. Alilisikia kama mlango unaofungwa taratibu.

Jumamosi wakaja. Walivua viatu, wakaupapasa ukuta, wakausifu kweli. Mama aliwaletea maji ya ukwaju kwenye gilasi za wageni, na mimi nilikuwa nikitembea sebuleni kama mwenye jumba. Mercy akauliza choo ki wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Akakawia. Mmoja wa wenzake akamfuata, naye akakawia. Wa tatu akaniangalia, nikamwangalia, tukaenda wote wawili.

Walikuwa wameketi sakafuni stoo, nguo zao nzuri juu ya vumbi la makaa, kila mmoja ana nyuzi za miyaa mkononi. Bibi alikuwa ameshika vidole vya Mercy.

"Ruka mbili, chukua moja. Huyo siye, mwanangu, huyo ni wa chini, mwache alale. Haya. Nani amekufundisha kukaza hivi, wafunga mbuzi?"

Wakacheka mpaka mmoja akatokwa machozi. Lile kopo la tambuu lilikuwa katikati yao, na hakuna aliyelijali. Mercy akainua uso akaniona mlangoni.

"Si ungetuambia uko na shosho," akasema. "Mimi wangu ni mpaka Disemba, tupande basi pale Mwembe Tayari, ndio nimwone. Wewe wako uko naye hapa na umemweka na makaa?"

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. Aliyejibu ni Bibi.

"Hakuniweka mtu. Nimejiweka mwenyewe. Huku kuna upepo."

Mercy akatazama juu, akatazama kuta, akatafuta huo upepo unapoingilia. Bibi naye akageuza uso wake upande wangu, yale macho yake ya ukungu yakatua karibu na sikio langu, pale alipodhani nipo. "Somo," akasema, "wape wenzako kashata. Ziko kwenye mkebe." Nilikwenda kuzileta.

Tangu siku hiyo nilikwenda mlango wa stoo mara nyingi nikiwa na maneno tayari mdomoni. Bibi alikuwa akinijua kwa hatua.

"Ni wewe, Somo?"

"Ni mimi."

"Wataka nini?"

"Sitaki kitu."

Angengoja kidogo, mikono imesimama juu ya ukili. Alikuwa akinipa nafasi. Halafu mikono inaanza tena, nami naondoka. Nilijiambia kesho. Nilijiambia nikimwambia si samaki, atauliza kwa nini nilisema samaki, na hilo la pili ndilo lililonishinda. Mtoto anaweza kukiri uongo. Kukiri kwamba umemwonea haya bibi yako, hilo hata ukubwani latoka kwa shida.

Siku moja aliniuliza tu ukuta wa mamangu una rangi gani. Nikamwambia chungwa, na kahawia, na nyeusi kidogo. Akasema, "Basi nisongezee hizo." Miezi ile yote nilimpa chungwa, nikampa kahawia, nikampa nyeusi moja baada ya nyingi. Ukili ulikuwa ukitoka mwembamba, wa vidole vinne, na yeye anauzungusha anaweka kando kama tepe. Hakuna unachokiona kwenye mkanda mmoja ila vijipembe vilivyokatika. Alishona mwenyewe, kwa kupapasa, nikiwa shule. Bibi alifariki msimu wa mvua kubwa, kwenye chumba kile, baada ya homa ya siku nne. Baba alinipa kifurushi kilichofungwa kwa leso. "Huu msala ameuacha kwa ajili yako. Amesema apewe Somo." Nikauchukua hivyo hivyo ulivyofungwa. Leso ilinuka makaa. Nikautia chini kabisa ya sanduku, na sikuufungua, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Nilisali kwenye zulia la dukani.

Mama aliubandua ule ukuta kabla ya arubaini kwisha. Alibandua peke yake, mlango amefunga.

Narudi kwa mteja wangu wa Ganjoni. Kazi ilipokwisha zilibaki roli mbili na nusu, akaniambia nichukue. Mimi na mume wangu tumepanga vyumba viwili Tononoka, vipya, kuta zimenyooka hata timazi haina kazi. Nikabandika ukuta mmoja, ule wa kibla. Mume wangu akasema umependeza. Nikamwambia umependeza, ndiyo, na nikampigia simu Mama aje auone. Mpaka leo sijui kama nilimwita aje kuona au nilimwita aje kunihukumu.

Alikuja Ijumaa. Alivua viatu, akainua macho, akasimama. Mfuko wa ndizi alioniletea ukabaki mkononi.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Si zile, Mama. Ni mpya. Watu wanazipenda tena."

Akasogea, akapitisha kidole, vile vile kama dukani. "Bibi yako hakuupenda," akasema. "Mungu amrehemu. Nilijitahidi, lakini hakuupenda. Kuna asubuhi, wewe ukiwa shule, nilikuwa nikimkuta ametoka stoo, amesimama pale anaupapasa. Mikono yote miwili, kashata baada ya kashata. Nilijua anatafuta kosa." Halafu, bila kugeuka, "Ule msala wake unao? Utandike hapa. Karibu ni alasiri."

Nililileta lile furushi. Nililifungua mbele yake, mara ya kwanza. Leso iliachia kwa ukavu, msala ukajikunjua sakafuni.

Nimebandika kuta nyingi, na katika kazi hii mchoro hauonekani mpaka kipande kikutane na mwenzake sawasawa. Ukili ni hivyo hivyo. Mkanda kwa mkanda, vile vijipembe vilivyokatika vilikuwa vimekutana, na chini ya miguu yetu kulikuwa na kashata ndani ya kashata, chungwa na kahawia, na nukta nyeusi katikati ya kila moja. Hakuna iliyopotoka. Mkia haukuwepo, wala jicho halikuwepo. Alikuwa ameusoma ukuta wote kwa vidole akaufuma, kisha akarudi kukaa kwenye stoo mpaka siku zake zikaisha.

Mama alipiga magoti. Akagusa msala, akagusa ukuta, akagusa msala tena. "Sasa kwa nini?" akauliza. "Kama alikuwa ameujua hivi, kwa nini?"

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama nilivyosimama siku ile. Samaki, na beseni, na kopo, na wasichana wa Ganjoni. Sikuacha kitu. Hata ile haraka yangu ya kukusanya vitu nilimwambia.

Hakulia wala hakunigombeza. Mwadhini akaanza, akamaliza.

"Alijua si samaki," akasema.

"Alijua, Mama."

"Na alijua ni wewe."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii," akasema, "nimedhani ni mimi."

Nilifungua mdomo kumwomba radhi, akaniinulia mkono ningoje. Macho yake yalikuwa yamesimama pembeni mwa ukuta, karibu na mlango. "Pale umeacha hewa ndani," akasema. Nikaenda, nikakuta kweli kuna uvimbe mdogo chini ya karatasi. Nikaukandamiza kwa kitambaa, taratibu, nikiusukuma kuelekea ukingoni mpaka ukatoka. Nyuma yangu nilimsikia Mama akinyoosha msala, akisimama juu yake, akitoa takbira.

Alipotoa salamu kulia na kushoto hakugeuka kunitazama. Aliketi tu, mgongo kwangu, akakusanya buibui lake chini ya magoti, akasogea mpaka nusu ya msala ikabaki wazi. Nilikiweka kile kitambaa chini, nikaenda kutia udhu.